Nambari Saba na Nambari Kumi na Mbili

Mbuzi wa Fawaz walitoroka siku ya mnada, mchana kweupe, mbele ya soko zima la mifugo la Voi, na aliyewatorosha alikuwa binti aliyevaa buibui jeusi na raba ambazo zilikuwa nyeupe alipotoka nyumbani.

Hakukusudia. Nasiha alikuwa amesimama juu ya jiwe nje ya uzio, macho kwenye kioo cha simu, akirusha droni juu ya zizi ili apate picha ya kundi kutoka angani. Picha ilitoka nzuri lakini ndogo. Akaishusha droni kidogo. Akaishusha kidogo tena. Ikavuma, beberu mmoja akainua kichwa, na kabla mtu hajasema bismillahi mbuzi wote walikuwa wameangusha lango, wamepita katikati ya benchi za chai za Shanice, na wanaelekea barabara kuu ya Mombasa.

"Hicho kidege ni cha nani?" mtu alinguruma.

Alikuwa kijana mrefu mwenye koti la kazi la buluu, gambuti, na kofia iliyotariziwa aliyoiweka upande.

"Ni changu," Nasiha alisema. "Samahani sana, kaka."

"Samahani yako itawafikia mbuzi saa ngapi? Kimbia!"

Akakimbia, buibui amelikusanya kwa mkono mmoja. Kando ya barabara palikuwa na lori limeegeshwa. Kundi lilipolifikia lilijigawa, wengine kulia na wengine kushoto, na upande wa pili likaungana tena bila mbuzi hata mmoja kumgonga mwenzake. Nasiha alisimama hapo hapo. Akatoa simu akaanza kupiga video.

"Wewe!" kijana aliita. "Mimi nafukuza mali yangu, wewe wapiga picha?"

"Umeona walivyojigawa? Umeona? Na hakuna aliyewaamrisha!"

Fawaz, maana ndilo jina lake, alimtazama. Jasho lilikuwa likimtiririka, mbuzi wake walikuwa wakitafuna ua wa majani wa watu, na mbele yake msichana mzuri anarukaruka kwa furaha kwa sababu mbuzi wamezunguka lori. Alitaka kukasirika sana. Akajikuta anacheka.

"Basi niwekee hiyo video," alisema. "Nitaitazama nikishawapata."

"Nitakutumia. Nipe namba."

Shanice alikuwa ameinama akiokota vikombe vyake kwenye vumbi jekundu, na masikio yake hayakuwa na kazi nyingine. "Aki nyinyi!" alisema. "Chai yangu imemwagika yote, na nyinyi mnapeana namba!"

Nasiha alikuwa binti wa pekee wa Bi Zubeida, mwenye duka la leso na vitambaa karibu na msikiti. Alikuwa anamalizia shahada ya pili ya hesabu, na watu walipomwuliza anasomea nini hasa, hakujua aanzie wapi. Alisomea makundi. Ndege, nzige, mbuzi, abiria wanaomwagika kutoka kwenye treni. Alitaka kujua kundi linageukaje pamoja wakati halina wa kuliongoza, na kisha aliandike hilo kwa hesabu ambazo tarakilishi ingeweza kuzifuata.

"Sheria ni tatu tu," alimwambia Fawaz kwenye simu, video ilipokwisha kutazamwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. "Usimgonge jirani. Usiachwe na jirani. Elekea anakoelekea jirani. Ukimpa kila mbuzi sheria hizo, kundi linatembea lenyewe."

"Hizo ndizo sheria alizonilea nazo mama yangu."

"Ndiyo maana umekua kama mbuzi."

"Ah! Toto la Bi Zubeida lina ulimi." Alicheka chini kwa chini. "Haya, mwalimu. Na jirani mwenyewe ni nani? Yule aliye karibu kwa miguu, au yule unayempigia simu kila jioni?"

 Nasiha alishukuru Mungu kwamba simu haionyeshi uso.

"Hapo hesabu yangu haijafika," alisema.

Droni ilipigwa marufuku. Mzee Kimanzi, mwenyekiti wa soko, alisema wazi kwamba kidege hicho kikionekana tena juu ya mifugo ya watu atakipiga kwa rungu. Fawaz ndiye aliyekuja na wazo jingine: mbuzi wavalishwe vidude vya GPS shingoni, vile vidogo kama kiberiti, ambavyo huweka kumbukumbu ya mahali vilipo kila sekunde. Chuo kilikuwa navyo. Nasiha akaongeza kwamba hata watu wa sokoni wavibebe mfukoni, kwa sababu mbuzi wa mnadani hutembea kwa kuwakwepa watu, na bila kujua watu walipo, nusu ya hesabu ingekosekana.

Hapo Mzee Kimanzi alikunja uso. "Mbuzi, sawa. Watu, hapana. Mtu akitoka hapa ana mambo yake. Wewe ujue nimelala wapi, ya nini?"

"Sitajua, mzee. Vidude vinasumbua kuwashwa, kwa hivyo vitakaa vimewashwa wiki nzima. Lakini yote yaliyo nje ya uzio nitayakata kabla sijayafungua. Naapa."

"Umeapa mbele ya watu."

"Nimeapa mbele ya watu."

Mzee aliangalia kulia na kushoto kuhakikisha kwamba watu hao wapo. Basi ikawa hivyo. Fawaz alipewa nambari saba. Shanice, ambaye hupita katikati ya mifugo siku nzima na birika lake, alipewa nambari kumi na mbili, akaipokea kwa ncha za vidole. Wiki ile Nasiha hakukanyaga sokoni makusudi. Alijua kwamba wakimwona tu, watu wangeanza kutembea kama wako kwenye harusi.

Mambo mengine nayo yalikuwa yamekwenda mbali. Zile simu za jioni zilikuwa zimezaa ziara za dukani, na ziara za dukani zilikuwa zimemfanya Bi Zubeida aulize kijana huyu ananunua vitambaa vyote hivi amvishe nani. Fawaz alikuwa amekwisha kuzungumza na ami yake, Mzee Kombo, aliyemlea baada ya baba yake kufa. Wazee wangekuja kuposa baada ya Idi. Nasiha alikuwa na furaha ya wazi, ile isiyojua kujificha. Alikuwa akipima vitambaa huku anaimba, na mara mbili alimkatia mteja kitambaa kirefu kuliko alicholipia.

Mwisho wa wiki Fawaz alikusanya vidude vyote kwenye mfuko wa plastiki, akavileta dukani.

"Hivi hapa, malkia wa mbuzi. Hakuna kilichopotea."

"Njukini kulikuwaje?" Fawaz alikuwa amekwenda kule Jumatano, ng'ambo ya Taveta karibu na mpaka, kununua mbuzi, na akalala.

"Baridi ya alfajiri na maharagwe kila mlo. Nilikukosa."

"Usiseme mbele ya Mama."

"Mama yako ameziba masikio. Si ndiyo, Mama?"

"Sisikii kitu mie," Bi Zubeida alisema kutoka nyuma ya marobota.

Jioni hiyo Nasiha aliketi chumbani na kipakatalishi chake. Alipaswa kukata kwanza, kisha afungue. Alifungua kwanza. Tusimwonee, hakuwa anatafuta ubaya. Alitaka tu kukiona kinukta cha nambari saba kikipanda Mwatate, kikipita Bura na Maktau, kikienda zake Taveta, apate kukisindikiza kwa macho. Ni upumbavu wa mtu anayependa, na wengi wetu tumefanya mkubwa zaidi.

Kinukta kikaenda. Akatabasamu. Kisha akaona kwamba hakiko peke yake.

Kinukta kingine kilikuwa ubavuni pake. Kilitoka nacho Voi, kikasimama nacho Mwatate, kikapinda nacho kila kona. Mara hiki kilionekana upande wa kushoto, mara upande wa kulia, hatua chache tu, kama watu wawili wanaozungumza njiani. Njukini viliingia pamoja kwenye nyumba moja na vikalala hapo mpaka asubuhi. Nasiha akabonyeza kukisoma. Nambari kumi na mbili.

Alifunga kipakatalishi. Akakifungua tena, maana huenda amekosea. Hakuwa amekosea. Akampigia.

"Hubby wa baadaye hapa," Fawaz alijibu.

"Fawaz. Njukini ulikuwa na nani?"

"Na nani? Na mbuzi."

"Nakuuliza kwa kweli. Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu, habibti. Kuna nini?"

"Una hakika?"

"Sasa hata mtu kuwa peke yake kwahitaji hakika? Nasiha, kuna nini?"

Kumwambia alivyojua kulimaanisha kukiri kwamba amevunja kiapo alichokula mbele ya soko zima. Hakukiri. Alisema amechoka, akakata simu, akalia hadi mto ukalowa. Kilichomuumiza si Shanice, ambaye ni msichana mcheshi na hakuwa amemkosea chochote hapo nyuma. Kilichomuumiza ni jinsi Fawaz alivyolisema lile "peke yangu" kwa wepesi, bila kujikwaa.

Asubuhi alimwambia mama yake, "Wazee wa Fawaz wasije."

Bi Zubeida aliweka mkasi chini. "Amekufanyia nini?"

"Hakuna."

"Hakuna ndiyo yakuvimbisha macho?"

"Mama, tafadhali. Waambie wasije."

Bi Zubeida alikuwa mama mwenye busara zake. Hakumlazimisha mtu kusema. Lakini alipompigia Mzee Kombo sauti yake ilikuwa ndogo, na baadaye alikaa muda mrefu akikunja leso ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari.

Fawaz alipiga simu, haikupokelewa. Akaandika ujumbe: *Nimekosa nini? Niambie nijue.* Akaja dukani na koti lake la buluu, akasimama mlangoni kama mtu asiyejua kama mguu uingie au usiingie. Nasiha alikuwa anapima kitambaa. Hakuinua macho.

"Nasiha. Hata mwizi huambiwa alichoiba."

"Unajua mwenyewe."

"Wallahi sijui."

"Basi endelea kutojua."

 Fawaz akamuaga Bi Zubeida kwa adabu, akaondoka, na hakuja tena. Alikuwa na haya zake na alikuwa na kiburi chake, na vyote viwili vilimwambia asirudi mahali alipofukuzwa bila sababu.

Kazi haikusubiri. Nasiha alikata yaliyo nje ya uzio, kwa kuchelewa, na akabaki na yaliyo ndani. Huko nako nambari saba na nambari kumi na mbili walikuwa pamoja. Siku baada ya siku walipita katikati ya mbuzi ubavu kwa ubavu, na mbuzi waliwapisha hao wawili kama kitu kimoja, wakijigawa mbele yao na kuungana nyuma yao. Aliandika sura nzima juu yao. Aliiita *Jozi*. Aliiandika kwa meno yaliyoumana, na pengine ndiyo maana ilitoka vizuri.

Dakta Muli, msimamizi wake, aliisoma akapiga meza. "Hii jozi, Nasiha! Hii ndiyo roho ya tasnifu yako. Watu wawili wakiungana, kundi linawahesabu kama mmoja. Umeipataje?"

"Nimeitazama tu, Daktari."

Wiki moja kabla ya kuiwasilisha tasnifu mbele ya jopo, wanafunzi wenzake walikaa chumba cha semina wamjaribu kwa maswali. Onesmus, mtoto wa Werugha kule milimani kwenye baridi, ambaye hata kwenye joto la Voi huvaa sweta la kijani alilofumiwa na nyanyake, ndiye aliyeinua mkono.

"Mimi nina swali dogo. Kwa hii jozi, nani anaongoza?"

"Unamaanisha nini?"

"Si ulituambia kila mara kuna mmoja anageuka kwanza, halafu mwenzake anafuata? Hata kama ni nusu sekunde. Mbuzi na mtoto wake, mama anatangulia. Sasa hapa, ni saba anamfuata kumi na mbili, ama kumi na mbili ndiye anamfuata saba?"

Swali lilikuwa la haki. Nasiha alikuwa hajapima. Ukweli ni kwamba hakutaka kujua nani kati yao alimfuata mwenzake.

"Nitalijibu," alisema.

Alibaki chumbani wenzake walipokwenda kula. Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi: unachukua mwendo wa mmoja, unausogeza nyuma kidogo kidogo hadi ufanane kabisa na mwendo wa mwingine, na pale inapofanana ndipo unapojua aliyechelewa amechelewa kiasi gani. Alijaribu kwanza kwa mbuzi. Kila wawili walikuwa na wa mbele na wa nyuma. Akajaribu kwa watu: Mzee Kimanzi na mteja wake, mteja alikuwa nyuma. Kisha akaweka saba na kumi na mbili.

Sifuri.

Akarudia kwa siku nyingine. Sifuri. Kila kona, kila kusimama, kila kuanza tena, katika sekunde ile ile. Hakuna aliyetangulia, hakuna aliyefuata.

Nasiha alikaa akiitazama ile sifuri. Watu wawili hawawezi. Hata wapendane vipi, hata washikane mikono, mmoja lazima aone kwanza na mwingine aone kwamba mwenziwe ameona. Pacha hawawezi. Vile vinukta vilivyokuwa vikibadilishana pande, mara kushoto, mara kulia, havikuwa watu wanaozungumza njiani. Lilikuwa kosa la kawaida la kifaa, hatua chache huku na huku, ambalo yeye mwenyewe hulifundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Vidude viwili, ndiyo. Lakini koti moja.

"Ya Rabbi," alisema kwa sauti, chumbani peke yake. "Nimefanya nini?"

Alifika sokoni anahema. Shanice alikuwa amevaa aproni ya maua na nywele amezisuka rangi ya zambarau, anamimina chai huku anabishana na mteja.

"Shanice. Kile kidude changu, namba kumi na mbili. Ulikibeba wiki nzima?"

Shanice aliacha kumimina. Sura ya hatia ikampanda. "Woiye, si Fawaz alikuambia?"

"Aniambie nini?"

"Nilikibeba asubuhi moja tu, siku ya kwanza. Kilikuwa kinanipea wasiwasi, mtu anajua kila mahali nimekanyaga. Mi si mbuzi, manze. Nikampea Fawaz akurudishie. Akakitupa kwa mfuko wa koti, akasema atakupea jioni. Kwani alisahau?"

"Na wewe Jumatano ulikuwa wapi?"

"Jumatano? Hapa. Nitaenda wapi na hii birika?" Akamwangalia vizuri. "Nasiha, ni nini? Unalia kwa sababu ya kidude?"

"Ndiyo," Nasiha alisema, maana huo ulikuwa ukweli wenyewe. "Nisamehe."

"Mimi? Nimekusamehea nini sasa?"

"Nitakwambia siku moja. Utanicheka au utanipiga."

Hakumwendea Fawaz siku ile. Kwanza alimwendea Dakta Muli, akamwambia kwamba jozi haipo, alikuwa mtu mmoja mwenye vidude viwili mfukoni, na sura nzima inatoka. Dakta Muli alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alisema jopo litaahirishwa hadi muhula ujao. Alisema pia kwamba hata yeye alipaswa kuuliza swali la Onesmus. Kisha Nasiha alimwendea Mzee Kimanzi na kukiri kwamba alitazama nje ya uzio.

Siku ya mnada iliyofuata alimkuta Fawaz akipakia mbuzi kwenye lori. Alikuwa amekonda kidogo, au pengine ni macho ya Nasiha tu. Kofia ilikuwa imekaa sawasawa kichwani, wala haikuwa upande kama zamani.

"Umekuja na kidege?" Fawaz aliuliza bila kusimama.

"Nimekuja na miguu. Nina neno. Ukinisikiliza hadi mwisho, kisha useme utakalo."

Akamwambia yote: kiapo, kinukta, Njukini, nyumba moja, sura ya jozi aliyoipenda mwalimu, sifuri. Hakujitetea. Fawaz alisikiliza huku ameshika pembe ya beberu, na Nasiha alipomaliza, beberu alikuwa amechoka kushikwa.

"Kwa hivyo," Fawaz alisema polepole, "ulinilaza na Shanice Njukini."

"Ndiyo."

"Nikakwambia nilikuwa peke yangu."

"Uliniambia."

"Ukaamini kidude."

"Nikaamini kidude. Na sikukuuliza wazi kwa sababu niliona haya kukwambia nimevunja kiapo. Nimekukosea mara mbili, Fawaz. Sina la kuongeza."

"Nimekaa na ami yangu namtazama usoni, aniuliza nimemfanyia nini mtoto wa watu, nami sina jibu. Wajua uzito wake?" Alikaza mkono kwenye ile pembe. "Nilidhani mama yako ameniona mchuuzi wa mbuzi. Nilidhani umepata wa ofisini."

"Hapana. Hapana kabisa."

Alimwachilia beberu. "Mzee Kimanzi amejua?"

"Nimekwisha kumwambia."

"Akasemaje?"

"Alinitukana kwa Kikamba. Kisha akaniletea kiti."

Fawaz aliuma mdomo asicheke. "Na kile kitabu chako? Umesema mwalimu wako alipenda sana hiyo jozi."

"Nimeifuta. Jopo limesogezwa mbele."

"Ungenyamaza. Nani angejua?"

"Ningejua mimi. Na kila nikiifungua ningekuona wewe na mwanamke ambaye hakuwepo."

Fawaz alitazama mbuzi, akatazama lori, akatazama raba za Nasiha zilizokuwa nyekundu tena. "Nimekasirika," alisema. "Nikikwambia sikukasirika nitakuwa nimekudanganya, na mie sijawahi kukudanganya."

"Kasirika. Ni haki yako."

"Nitakasirika hadi Ijumaa."

 "Na Ijumaa?"

"Ijumaa ami yangu huvaa kanzu yake nzuri. Itakuwa hasara avae kanzu nzuri aende msikitini tu." Akavuta kofia yake upande. "Sasa nisaidie, au umekuja kupiga picha? Hawa wanatakiwa wafike kwenye lori."

Nasiha alifungua mkoba akatoa vidude viwili. "Subiri. Hii saba ni yako, weka mfukoni. Kumi na mbili nitaibeba mwenyewe."

"Mungu wangu. Hata leo?"

"Hata leo. Nimefuta jozi moja ya uongo, naomba moja ya kweli."

Wakawaswaga mbuzi, yeye upande huu na Fawaz upande ule, "Haya! Haya!", vumbi likapanda hadi magotini. Mbuzi walijigawa na kuungana, wakajigawa tena, na mmoja akapita katikati ya miguu ya Nasiha akamwangusha chini mbele ya Shanice, aliyepiga vigelegele.

Baada ya Magharibi simu ya Fawaz iliita.

"Nimekasirika bado," alijibu.

"Najua. Nimepima."

"Haya, mwalimu. Nani anaongoza?"

"Mwanzo wewe, mimi nyuma kidogo. Penye benchi za chai, mimi. Nilipoanguka wewe uligeuka kabla hata ya mbuzi. Halafu mimi tena." Akavuta pumzi. "Tunapokezana, Fawaz."

 Kutoka dukani Bi Zubeida aliita kwa nguvu, "Nasiha! Muulize huyo mtu, pilau ya Ijumaa ni ya watu wangapi?"

"Umesikia?" Nasiha aliuliza. "Mama anauliza. Ijumaa utakuja na nani?"

"Na ami Kombo. Na shangazi zangu wote. Na Mzee Kimanzi, amesema ni lazima aje aone unavyoapa safari hii." Fawaz alicheka, na hasira yake, iliyopangiwa kufika Ijumaa, ikaishia hapo. "Mwambie Mama aongeze sufuria. Sikwenda Njukini na mtu, lakini kwenu siji peke yangu."